Mume wangu anaweza kundi la juu, kwa nini hataki kupanda?

SWALI: Mume wangu anacheza sataranji tangu utotoni. Wanaoujua mchezo huo wananiambia ana uwezo wa kushindana na wachezaji wa kundi la juu, lakini kila mashindano yakija anajiandikisha kundi la pili, na mara nyingi anarudi na kombe. Kaka zangu wanasema ni mwoga. Siku hizi baadhi ya wapinzani wake wameanza kunong'ona kwamba anashusha kiwango chake makusudi ili avune zawadi za wasiomweza. Sitaki kumkwaza, ila nataka kuelewa. Nini kinamfanya mtu mwenye uwezo achague kukaa chini? Na je, nimsukume apande?

JIBU: Dada, majibu mawili umeshaletewa kabla hujaniandikia mimi, na yote mawili yanawezekana. Wapo wanaokaa chini kwa woga, na wapo wanaokaa chini ili wadanganye. Lakini kwa muda wote niliofanya kazi na wachezaji watu wazima, wengi niliowakuta chini ya uwezo wao hawakuwa waoga wala wadanganyifu. Walikuwa watu waliopiga hesabu ya maisha yao. Kwa hiyo nikimpima mchezaji wa aina hii, daraja alilomo halinisaidii sana. Natafuta mambo mawili: kama wanaocheza naye wanaijua nguvu yake ya kweli, na kama huko aliko bado kuna kitu kinachomtoa jasho.

Nianze na tuhuma ya wapinzani, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoweza kumharibia jina, na sataranji ina namna ya kuichunguza bila kugombana na mtu. Viwango vya wachezaji hukokotolewa kwa mfumo wa Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, ambao shirikisho la dunia, FIDE, liliupitisha mwaka 1970. Mfumo huo hauangalii makombe. Unalinganisha pointi ulizopata na pointi ulizotarajiwa kupata kwa kuzingatia nguvu ya wapinzani wako, na hapo ndipo wanong'onaji wengi wanapokosea.

Tuchukulie kikomo cha kundi la pili ni kiwango cha 2000 na mumeo ana 1980. Mashindano yana raundi 9, na wapinzani wake wana wastani wa 1780. Mchezaji aliyezidi wenzake kwa 200 anatarajiwa kuchukua asilimia 76 ya pointi, yaani pointi 6.84 kati ya 9. Akipata 7, ambazo katika kundi kama hilo mara nyingi humweka mtu kileleni au karibu na kilele, kiwango chake kinapanda kwa 3 tu, kwa kigezo cha 20 (namba inayozidisha pointi zilizozidi matarajio) ambacho FIDE hukitumia kwa wachezaji wengi wazoefu. Maana yake anaweza kutwaa kombe mwaka huu, akatwaa tena mwakani, na akabaki chini ya 2000 bila kuachia mchezo hata mmoja. Hesabu ilishajua kwamba yeye ndiye mkubwa katika kundi lile.

Mambo hubadilika wapinzani wakiwa na nguvu zaidi. Wakiwa na wastani wa 1900, anatarajiwa kupata kama pointi 5.5. Akipata zile zile 7, anaongezewa karibu 30, anavuka kikomo, na msimu ujao mlango wa kundi la pili unafungwa. Akiwa amevuka namna hiyo, kisha ukamkuta amerudi 1990 siku chache kabla ya mashindano yenye fedha, hapo ndipo pa kuuliza. Amepoteza wapi? Kwa nani? Washushaji wa makusudi huacha alama zinazofanana: wanapoteza katika mashindano madogo yasiyo na zawadi, mbele ya watu dhaifu, katika michezo inayokwisha mapema mno, halafu wanang'aa pale fedha zinapowekwa mezani. Ikiwa mashindano yake yanahesabiwa na FIDE, matokeo ya kila kipindi yamewekwa wazi na yeyote anaweza kuyasoma. Yasome, au mwombe mtu anayejua mchezo ayasome nawe. Utapata jibu ambalo minong'ono haiwezi kukupa.

Nasisitiza hili kwa sababu kujificha chini ni kosa zito, na sitaki uone nalipuuza. Michezo mingi imelazimika kujenga ukuta dhidi yake. Katika gofu, mfumo wa dunia wa hendikapu (idadi ya mikwaju anayopunguziwa mchezaji, kubwa zaidi kwa aliye dhaifu) ulioanza mwaka 2020 huchukua alama 8 bora kati ya 20 za mwisho za mchezaji, ili siku mbaya, za kweli au za kuigiza, zisimsaidie sana anayetaka kuonekana dhaifu. Zaidi ya hapo, hendikapu hairuhusiwi kupanda zaidi ya mikwaju 5 juu ya kiwango chake bora cha mwaka mmoja uliopita. Shirikisho la sataranji la Marekani, nchi ambayo makundi ya chini yenye zawadi za fedha ni jambo la kawaida, limeweka sakafu: ukishafika kilele fulani, kiwango chako hakiwezi kushuka zaidi ya takriban 200 chini yake, hata ukishindwa michezo yote. Kanuni za namna hii haziandikwi mpaka watu wawe wameumizwa.

Na wanaoumia si wale tu waliokosa kombe siku hiyo. Katika Michezo ya Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, timu ya Hispania ilitwaa dhahabu ya mpira wa kikapu katika kundi la wanamichezo wenye ulemavu wa akili. Baadaye ilibainika kwamba wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu huo. Medali zilirudishwa, lakini adhabu iliwaangukia wasio na hatia: kundi lote la wanamichezo wenye ulemavu wa akili liliondolewa kwenye Paralimpiki, na halikurejea hadi London mwaka 2012. Watu waliofanya mazoezi kwa haki walinyimwa uwanja kwa zaidi ya miaka kumi kwa sababu wengine walitaka ushindi mahali pasipo pao. Kila nikiisoma habari hiyo nakasirika upya.

Sasa tuchukulie hesabu zimemsafisha mumeo, jambo ambalo nalitarajia kwa jinsi ulivyoyaeleza mambo. Linabaki swali lako lenyewe: kwa nini asipande?

Watu wanaotazama kwa nje hudhani kupanda ni kuchagua mlango mwingine wa ukumbi ule ule. Kwa mchezaji, kupanda ni kubadili kazi ambayo mchezo unamfanyia. Akiingia kundi la juu na 1980 yake, akapangiwa wapinzani wa 2280, hesabu inamtarajia apate asilimia 15 ya pointi. Katika raundi 9 hiyo ni pungufu ya pointi moja na nusu. Atakaa mbele ya ubao kwa saa nyingi, kila siku, akishindwa. Kijana wa miaka kumi na minne anaweza kuyameza hayo, kwa sababu mbele yake ana miaka ya kuvuna. Mtu mzima mwenye kazi na familia, aliyeomba ruhusa ya siku chache ili apumzike na kufurahia, ana haki ya kujiuliza kama huko ndiko anakotaka kuzimalizia.

Halafu kuna maandalizi. Kundi la pili bado unaweza kuketi na kucheza sataranji. Juu unakutana na mtu ambaye jana usiku alipitia michezo yako yote iliyohifadhiwa, akajua unafunguaje ukiwa na kete nyeupe na unapenda kukimbilia wapi ukibanwa. Usipomfanyia vivyo hivyo unaanza mchezo ukiwa nyuma. Saa za kujiandaa hazionekani kwenye ratiba ya mashindano, lakini zinatoka mahali fulani: usingizini, kazini, au kwenye muda wa kukaa nawe na watoto. Nimewaona wengi waliopanda wakashuka wenyewe baada ya msimu mmoja, na walipoulizwa hawakulalamikia kushindwa. Walilalamika kwamba mchezo umegeuka kazi ya pili isiyolipa.

Suala la malipo halipaswi kupitwa. Mwaka 1981 mchumi Sherwin Rosen alieleza kwa nini katika fani fulani tofauti ndogo ya uwezo huzaa tofauti kubwa mno ya kipato: walioko kileleni hukusanya karibu kila kitu, na anayewafuata kwa karibu hupata makombo. Sataranji na tenisi ni mifano mizuri. Katika tenisi, mchezaji aliye chini ya mia kadhaa bora duniani ni hodari kuliko karibu kila mtu utakayekutana naye maishani, na bado nauli, malazi na ujira wa kocha vinaweza kumaliza alichoshinda na zaidi. Eneo la hatari kiuchumi liko hapo katikati, juu ya ridhaa na chini ya kilele. Mtu anayeliona pengo hilo na kuamua kubaki na kazi yake na kucheza mwishoni mwa juma ametumia akili, na sioni haki ya yeyote kumwita mwoga.

Wengine hushuka kwa ajili ya watu au mahali. Julai 2006 Gianluigi Buffon alikuwa golikipa wa Italia iliyotwaa Kombe la Dunia. Wiki chache baadaye klabu yake, Juventus, ilishushwa hadi daraja la pili, Serie B, kwa kashfa ya kuwashawishi waamuzi. Angeweza kuondoka, kama wenzake kadhaa walivyofanya. Alibaki, pamoja na Alessandro Del Piero, Pavel Nedvěd na David Trezeguet, wakacheza mwaka mzima kwenye viwanja vya Serie B na kuirudisha timu juu. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 43, alirudi Parma, klabu iliyomlea, ikiwa nayo Serie B, na akacheza huko hadi alipostaafu mwaka 2023. Hakuna aliyehitaji kumwuliza kama anaogopa.

Na wapo wanaokataa jukwaa kubwa kwa sababu limekoma kuwapa walichokifuata. Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa sataranji tangu 2013, alitangaza Julai 2022 kwamba hatatetea taji lake. Alisema hana tena hamu ya pambano hilo. Aliendelea kucheza mashindano mengine na kubaki namba moja duniani kwa kiwango, na taji likaenda kwa Ding Liren mwaka 2023. Najua Carlsen hakushuka kundi, lakini kisa chake kinaonyesha kwamba hata aliye juu ya wote anaweza kupima gharama ya pambano fulani na kuamua kuwa halimfai.

Nimetaja sababu nyingi za heshima. Woga nao upo, na nataka tuuangalie kwa makini kwa sababu kaka zako wanadhani wanaujua unavyofanana.

Mwaka 1957 mwanasaikolojia John Atkinson alitoa hoja ambayo bado naitumia karibu kila wiki. Alisema watu wanaosukumwa na hamu ya kufaulu huchagua majukumu ya ugumu wa kati, pale ambapo matokeo hayajulikani. Wanaotawaliwa na hofu ya kushindwa hukwepa hapo katikati. Majaribio yaliyofuata yaliwapa watu pete za kurusha kwenye kijiti na kuwaacha wachague wasimame umbali gani. Waliotaka kufaulu walielekea kusimama katikati. Wenye hofu walielekea zaidi kukaribia kabisa, au kusogea mbali mno.

Hiyo sehemu ya mwisho, dada, ndiyo ambayo kaka zako hawaioni. Mtu anayeogopa anaweza pia kukimbilia juu kabisa! Akishindwa na bingwa mkuu (grandmaster, cheo cha juu kabisa cha sataranji) hakuna atakayemcheka, kwa hiyo huko nako amejificha. Kwa maneno mengine, mumeo akijiandikisha kesho kundi la juu, hilo peke yake halithibitishi ujasiri wake, kama vile kukaa kundi la pili hakuthibitishi woga wake. Itategemea kama katika kundi la pili wapo watu watatu au wanne wanaoweza kumshinda na anatamani kukutana nao. Kwa mchezaji wa 1980 katika kundi la chini ya 2000 mara nyingi wapo. Kundi hilo ndilo katikati yake.

Kuna woga wa aina nyingine, wa siri zaidi, ambao mimi huuogopa kuliko ule wa kushindwa. Ni woga wa kujua. Mtu ameishi miaka mingi akiambiwa "wewe ungeweza." Sentensi hiyo ni tamu na haina gharama, maana uwezo usiojaribiwa hauwezi kukanushwa. Akipanda, itageuka kuwa matokeo yenye tarehe na namba. Mwaka 1978 Steven Berglas na Edward Jones walionyesha tabia inayofanana na hii. Waliwapa watu mafumbo, mengine yasiyo na jibu, kisha wakawaambia wote kwamba wamefaulu. Kabla ya jaribio la pili waliwapa nafasi ya kuchagua dawa. Wale waliosifiwa bila kujua wamefanya nini cha kustahili sifa walielekea, hasa wanaume, kuchagua dawa waliyoambiwa inapunguza uwezo wa akili. Walitafuta kisingizio mapema ili sifa isije ikaporomoka. Kukaa chini kunaweza kufanya kazi hiyo hiyo: kombe linakuja, na swali kubwa haliulizwi.

Utautambuaje kwake? Usitazame siku za kombe. Tazama siku aliyoshindwa na mtu wa chini yake. Mchezaji aliyetulia na uchaguzi wake hurudi nyumbani amekasirika kidogo, akafungua ubao, akatafuta alipokosea. Anayekilinda kile "ungeweza" huwa na maelezo tayari: kelele ukumbini, usingizi, saa mbovu, kwamba leo hakuwa na nia. Sikiliza pia anavyowataja wa kundi la juu. Akizungumzia michezo yao kwa hamu na kuisoma, mambo ni mazuri. Akiwadharau bila kuwahi kuketi nao, hapo kuna jambo. Na la tatu, mtazame anavyocheza akiwa mbele kwa nusu pointi katika raundi ya mwisho. Mtu ambaye kila mara huomba sare mapema ili kombe lisiponyoke, hata anapokuwa na mchezo mzuri mkononi, ameshaanza kulipenda kombe kuliko sataranji.

Ikiwa utaziona dalili hizo, basi kupanda kutamfaa, na nitakuwa mkweli kuhusu faida yake. Hakuna anayekua bila kukutana na wanaomzidi. Judit Polgár alikuwa na njia nyingine ya wazi: mashindano ya ubingwa wa dunia wa wanawake, ambayo dada yake Susan aliyashinda mwaka 1996. Judit hakuyacheza kabisa. Alichagua mashindano ya wazi, dhidi ya wanaume waliokuwa na nguvu zaidi wakati ule, akawa bingwa mkuu mwaka 1991 akiwa na miaka 15, akaingia kumi bora duniani, na mwaka 2002 akamshinda Garry Kasparov. Watoto wa nyumba moja, waliofundishwa na baba mmoja, walifuata njia tofauti. Siwezi kusema Susan alikosea. Ninachojua ni kwamba alichokitaka Judit hakikupatikana kwingine ila juu.

Kwa hiyo nimsukume? Hapana, usimsukume. Mtu mzima aliyesukumwa kundi la juu huingia na kisingizio chake mkononi: si mimi niliyetaka. Muulize badala yake, siku ambayo hakuna mashindano karibu, anatafuta nini kwenye mchezo. Muulize kwa nia ya kusikia. Akikujibu kwamba anapenda ushindani wa watu wake, marafiki aliozoeana nao, siku mbili za kufikiri bila simu, mwamini, na uwaambie kaka zako kwamba wewe umeuliza na umejibiwa. Akisita, au akisema "siku moja nitajaribu" kwa namna ambayo umeshaisikia, mpe pendekezo dogo: shindano moja tu la wazi kwa mwaka, akiwa na lengo lisilo la nafasi, kwa mfano kupata sare mbili dhidi ya wanaomzidi kwa 200 au zaidi. Mengine yote abaki kundi lake.

Kuhusu minong'ono, dawa yake iko mikononi mwake. Azungumze na waandaaji yeye mwenyewe, awaonyeshe matokeo yake ya msimu, na aulize kama wanaona tatizo lolote katika yeye kuandikishwa pale. Mwenye hesabu safi hapotezi kitu kwa kuuliza. Na ikiwa mmezisoma hesabu mkakuta michezo ambayo hawezi kuieleza, usimfunike kwa sababu ni mumeo. Mwambie fedha zile ni za watu waliofanya bidii ya kweli kufika 1800, kwamba msimu huu asiingie kundi la pili, na kwamba utakwenda naye kukaa ukumbini siku atakayoanza raundi ya kwanza na wakubwa.